Maji ya Sindano

Manesi wa zamani hawaagani kwa kupeana mikono. Asubuhi zamu ya usiku inapokwisha, wakishakabidhi wodi, huingia kile chumba cha kubadilishia nguo nyuma ya wodi ya wazazi, mmoja akauegemeza mlango kwa kiti, mwingine akainamia meza na kupandisha gauni. Mwenzake anavuta dawa ya maumivu kwenye sindano, anapangusa kwa pamba, anachoma. Kisha wanabadilishana. Hivyo ndivyo Nyamizi na Domitila walivyokuwa wakiagana kwa miaka mingi katika hospitali moja ya Bariadi, na ungewauliza wangekuambia kwamba bila kuchomana hakuna ambaye angefika kwake kwa miguu.

Usiwahukumu haraka. Wewe hujawahi kumgeuza mama mwenye uchungu, mzito, anayeteleza kwa jasho, juu ya kitanda ambacho kilinunuliwa kikiwa na uwezo wa kupanda na kushuka na sasa hakipandi wala hakishuki. Kitanda kikikataa kupanda, nesi ndiye anashuka. Anainama saa nzima, anazalisha, anasafisha, anainuka kwa kushika ukuta, na hajakaa sawa anaitwa kitanda cha pili. Mama akihitaji kupasuliwa, kuna kitanda cha kusukuma chenye gurudumu moja lenye kiburi: ninyi mnakwenda mbele, lenyewe linataka kushoto. Kazi ile ni ya watu wanne. Zamu nyingi walikuwepo wawili, na wote wawili wana wajukuu.

Vijana walikuwa wanaletwa, siyo kwamba hawaletwi. Wanafika na viatu vyeupe vipya, wanakaa kidogo, wanakwenda kusoma, au mume anahamishiwa Dodoma nao wanamfuata. Wanaobaki ni wale wale. Ndiyo maana migongo ya wale wale ilichakaa kabla wenyewe hawajazeeka.

Na usidhani hawakujua. Nyamizi kwa kinywa chake aliwakataza akina mama wangapi sijui, akiwaambia dawa hizi za maumivu usizifanye chakula, zinakula figo. Alisema kwa ukali, akinyoosha kidole, halafu asubuhi anainamia meza. Kosa hili ni la manesi peke yao: wanadhani ukiijua hatari kwa jina lake, na dozi yake, na kurasa zake kitabuni, basi yenyewe itakuheshimu na kukupita pembeni. "Sisi tunajua tunachofanya," Domitila alizoea kusema, akitupa sindano kwenye boksi. Tena nesi wa zamani hana faili. Kufungua faili ni kukaa kwenye benchi na watu uliowazalisha, uitwe na daktari uliyemfundisha kushika mtoto mchanga, akuulize kama umepata choo. Aibu hiyo hawakuiweza. Wakatibiana wao kwa wao, mlango umeegemezwa kiti.

Nyamizi alikuwa anamaliza miaka yake sitini. Mwisho wa mwaka anastaafu, na kilichomshikilia kazini kwa miaka hii ya mwisho hakikuwa kingine ila nyumba yake ya Ipililo.

Alizaliwa huko, akaondoka binti, na kiwanja akakinunua kwa watu wa ukoo wake kabla bei hazijapanda. Aliijenga kidogo kidogo, kama wanavyojenga watumishi: mwaka huu msingi, mwaka kesho kimya, mwaka unaofuata kuta. Fundi wake alikuwa Mayige, mzee mbishi anayejua kazi, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya korido. Nyamizi hakutaka korido. Alisema amekwenda na kurudi kwenye korido maisha yake yote, anataka kila chumba kifungue moja kwa moja barazani, mtu akiamka aone majaruba ya mpunga na ng'ombe wanaokwenda malishoni. "Yaya, mayu," Mayige alimkatalia kwa Kisukuma, yaani hapana, mama, "hilo ni bweni, siyo nyumba." Nyamizi akamjibu kwamba yeye ndiye atakayelala humo. Mayige akajenga, lakini kwa wiki nzima alisalimia kwa kununa.

Chumba kimoja kilikuwa cha Domitila, na hilo halikuwa siri. Mume wa Nyamizi alikufa watoto wakiwa wadogo. Watoto sasa wana kwao, mmoja Kahama, mwingine Dodoma. Mume wa Domitila alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mke. Domitila alikuwa mdogo kwa miaka miwili, umri ambao serikali inakuruhusu kuondoka mwenyewe kwa hiari, naye alikwisha kuapa kwamba siku Nyamizi akitoka na yeye anatoka. Kwao ni Lamadi, watu wa samaki, na hofu yake moja tu ilikuwa kwamba Ipililo atalishwa michembe, vile viazi vya kukausha, mpaka asahau ladha ya sato. Wodini waliwatania kwamba wanaoana. Domitila akawajibu kwamba waume walishawaonja, sasa wanataka kulala.

Mipango hii ilikuwa tamu kuliko unavyofikiri. Zamu ikiwa nzito, wodi imefurika, damu kwenye viatu, utamsikia Domitila akiuliza katikati ya kazi, "Dada, kuku tutafuga wa kienyeji au wa kisasa?" Na Nyamizi, mikono yote imezama kazini, anajibu kwamba wa kienyeji, wa kisasa wana madeko. Wakacheka, mama mwenye uchungu akawashangaa.

Basi serikali ikaita semina ya wastaafu watarajiwa. Ilifanyika kwenye ukumbi mmoja Nyalikungu, pale Maswa, na Nyamizi akaenda peke yake maana Domitila alikuwa zamu. Kijana mwenye tai akawafundisha kuzeeka. Aliwaonya wanaume wasioe wasichana wakishapata mafao, akawaonya wanawake wasiwakopeshe watoto wao, akawaambia wote wafuge. Walimu wazee, mabwana shamba na manesi wakamsikiliza kwa adabu, wengine wakisinzia. Pembeni kulikuwa na meza ya kupima afya bure, na Nyamizi alikwenda pale kwa sababu foleni ya soda ilikuwa ndefu, hakuna sababu nyingine.

Binti aliyempima presha akapima tena. Akabadilisha mkono, akapima tena, kisha akamwita mwenzake. Wakamtoa damu. Nyamizi akawatania kwamba mashine yao mbovu, akarudi kwenye kiti chake, akala mchana vizuri.

Wiki iliyofuata Daktari Deogratias akamwita. Alikuwa kijana mpole kutoka Bukoba, mwenye tabia ya kukaa mbele ya meza yake badala ya nyuma yake anapokuwa na neno gumu. Nyamizi aliiona tabia hiyo mara nyingi akiwa amesimama pembeni na mgonjwa wa mtu mwingine. Siku hiyo alipoona kiti kimesogezwa mbele, akajua.

"Mama, nikuambie kama nesi au kama mgonjwa?"

"Kama mgonjwa," Nyamizi alisema. "Kama yule asiyejua kitu."

Akamwambia. Figo zake zilikuwa zimekwisha, zote mbili, na kilichobaki ni kidogo kisichoweza kumbeba. Presha ilikuwepo kwa miaka bila mtu kuitafuta, na juu ya presha kulikuwa na kitu kingine kilichozimaliza upesi. Atahitaji kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, na siyo kwa mwezi wala mwaka. Mashine ziko hapa hapa Bariadi, ndiyo bahati yake. Anaweza kumpa vidonge asogee mpaka mwisho wa mwaka, asipobeba kitu, asipoonja chumvi.

Nyamizi aliuliza swali moja, kama mtu akiishi Ipililo anaweza kuja na kurudi. Daktari alikwishapeleka chanjo upande ule kipindi cha mvua, anajua udongo mweusi wa njia ile unavyomeza magari. Akasema hapana, mama, itabidi ukae karibu.

Ndipo akauliza alichopaswa kuuliza.

"Dawa za maumivu umetumia?"

"Za kawaida."

"Muda mrefu?"

Nyamizi akatazama dirishani.

"Alikuwa anakuchoma nani, mama?"

"Nilikuwa najichoma mwenyewe."

Daktari alijua, kama kila mtu aliyeshika sindano anavyojua, kwamba hakuna mwanamke wa miaka sitini mwenye mgongo mbovu anayeweza kujigeuza na kujichoma kalio mwenyewe kila asubuhi. Lakini alikuwa na adabu. Aliandika kitu, akaacha.

Nyamizi akatoka pale na siri mbili. Ya kwanza ni ugonjwa. Ya pili ni ile mikono ya Domitila, na hii ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi. Alimjua mwenzake. Domitila ni mtu wa kicheko kikubwa, lakini mtoto akifia mkononi mwake alikuwa hali chakula siku mbili, hata kama kosa ni la njia na umbali na siyo lake. Akijua hili atajichukulia kesi yeye mwenyewe na kujihukumu yeye mwenyewe, na hakuna rufaa. Tena kulikuwa na jambo dogo la kibinafsi ambalo Nyamizi alilionea haya: akilisema, nyumba imekwisha. Akikaa kimya, asubuhi bado wataulizana habari ya kuku. Akakaa kimya.

Yeye mwenyewe kuikwepa sindano haikuwa kazi. Alimwambia Domitila kwamba makalio yake anayatunza kwa ajili ya kustaafu, hataki kufika Ipililo yamejaa matundu. Domitila akacheka mpaka akashika meza. Lakini kisha akageuka, akapandisha gauni, akasubiri zamu yake kama siku zote, akiguna kwa maumivu ya kweli.

Nyamizi akasimama na bomba la sindano mkononi. Kuchoma hawezi, sasa anajua. Kukataa hawezi, maana atakuwa amesema. Juu ya trei kulikuwa na vile vichupa vya maji ya sindano, maji safi ya kuyeyushia dawa, hayana kazi nyingine. Alimpa mgongo mwenzake, akakivunja kimoja, akavuta, akapangusa, akachoma maji.

"Leo mkono wako mzito," Domitila alisema, akijisugua.

Akamchoma maji tena zamu iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara alijiambia ni ya mwisho, kesho atasema. Kesho ikifika anamwona Domitila anakuja kwa kujivuta, mkono kiunoni, uso umemkaa vibaya, anainama kwenye meza kwa imani yote, na ulimi unagoma. Ni jambo baya kumwona mtu unayempenda anaumia, akakuletea maumivu yake uyaondoe, nawe ukamchoma maji na kumwambia pole. Nyamizi alilia njiani zaidi ya mara moja, akijifanya ni vumbi.

Halafu Domitila akaacha kuomba. Alisema mgongo umepata nafuu, labda ni maombi ya jumuiya. Na kweli alikuwa anatembea vizuri. Nyamizi akashukuru, akaamini, akajisifu kidogo moyoni kwamba maji yake yalimwachisha mwenzake dawa bila maneno.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika nyuma ya jengo la utawala, chini ya turubai la kukodi. Kulikuwa na pilau, na spika iliyopiga kelele kuliko muziki. Wakampa godoro likiwa bado kwenye nailoni, wakampa vitenge, na wenzake wa wodi wakampa jembe jipya lililofungwa utepe, watu wakapiga vigelegele. Nyamizi alikaa mbele akitabasamu. Miguu ilikuwa imevimba, ameificha chini ya kitenge. Waliokuwepo wote walimpongeza kwa kwenda kupumzika Ipililo, naye akawashukuru mmoja mmoja, wabeja, wabeja sana.

Domitila akapewa kipaza sauti. Alikuwa amesuka nywele, amejipaka wanja.

"Mnasema huyu ni rafiki yangu," alianza. "Siyo rafiki. Makalio ya mwanamke huyu mimi nayajua kuliko marehemu mume wake alivyoyajua. Kila asubuhi nimeyachoma dawa kwa mkono wangu huu, ndiyo maana mnamwona amefika hapa amesimama. Mikono mingine ilimwajiri, lakini mkono uliomfikisha kustaafu ni huu."

Akaunyanyua juu. Watu wakavunjika mbavu. Mganga mfawidhi mwenyewe alifuta machozi.

Aliyekuwa hacheki ni Daktari Deogratias. Chupa ya soda ilikuwa imefika nusu ya njia kwenda mdomoni, akaishusha. Akamtazama Domitila na mkono wake juu, kisha akamtazama Nyamizi, na Nyamizi akatikisa kichwa kidogo sana, kumwomba. Daktari akainamisha macho kwenye sahani.

Yangeishia hapo. Lakini Nancy, nesi mdogo wa wodi ile, msichana mchangamfu asiye na ubaya wowote, akadakia kutoka nyuma kwamba na mrithi yupo. Mkono wa Mama Nyamizi umezeeka, alisema, sindano zake zimekuwa haziingizi dawa, kwa hiyo Mama Domi anachomwa na yeye Nancy, tena siku hizi mara mbili kwa siku. Watu wakacheka upya. Domitila akamtishia kwa kidole, akicheka naye.

Nyamizi alihisi turubai lote limemshukia. Yale maji hayakumwokoa mtu. Yalimsukuma mwenzake akatafute dawa kwingine, tena zaidi ya mwanzo, na yeye amekaa anajisifu.

Sherehe ilipoanza kupoa, akamwita Domitila waende kule nyuma. Wakaingia chumba chao. Nyamizi akaegemeza kiti mlangoni. Domitila, akidhani wanakumbuka ya zamani, akaanza kuinamia meza huku akicheka.

"Shusha gauni, mdogo wangu," Nyamizi alisema. "Kaa."

Akamwambia yote, tangu meza ile ya Nyalikungu mpaka kiti cha daktari. Mwanzoni Domitila alisikiliza kama nesi: akauliza presha ilikuwa ngapi, damu ilisomaje, mkojo, miguu. Akainama, akafunua kitenge, akabonyeza mguu wa Nyamizi kwa kidole gumba, akaangalia shimo linavyokawia kujaa. Alipoinuka nesi alikuwa amemaliza kazi yake, akabaki Domitila.

"Tangu semina unajua."

"Tangu semina."

"Na ulikuwa unanichoma nini?"

"Maji."

Hasira ndiyo iliyotangulia, na ilikuwa hasira ya haki. Alisema mgongo ulikuwa unamuua. Alisema alisimama zamu nzima akiuma meno, akaja kwa mtu anayemwamini kuliko wote, mtu huyo akamchoma maji akimtazama. Nyamizi hakujitetea. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, angemchoma nini.

Domitila akaitazama mikono yake.  Nje mtu alikuwa anajaribu spika, moja, mbili, moja, mbili.

"Wewe umenichoma maji," akasema polepole. "Na mimi miaka yote hii nimekuchoma dawa."

Nyamizi alikuwa ametayarisha maneno kwa ajili ya hapo. Kwamba aliomba mwenyewe. Kwamba wote walijua. Kwamba presha nayo ilikuwepo, daktari alisema. Aliyasema yote, moja baada ya jingine, na aliona hayaendi popote. Domitila alisimama, akaondoa kiti mlangoni, akakirudisha mahali pake vizuri, akatoka. Nyamizi akabaki na meza ile, akalia kwa sauti kama mtoto.

Nyumba haikuhamiwa. Nyamizi alipanga chumba karibu na hospitali, kwenye ua wa familia moja ya watu wa Mkula, watu wema, wenye redio isiyozimwa. Godoro la sherehe likaingia humo, jembe likaingia chini ya kitanda. Kutwa alisikia honi za bodaboda na kengele ya zamu, kengele aliyokuwa amehesabu hataisikia tena. Wanawe walikuja, wakalia, wakarudi makazini. Mayige alipiga simu kuuliza funguo zikae kwa nani.

Domitila hakuja. Nancy ndiye aliyeleta habari zake, akiwa ameacha uchangamfu wote. Mama Domi ameondoa maombi yake ya kustaafu. Mama Domi amekwenda dirisha la mapokezi kama watu wengine, amekaa benchi, amefungua faili. Wamempima figo, nazo ni nzima. Nyamizi akamshukuru Mungu kwa sauti. Nancy akasema ajabu ni kwamba Mama Domi mwenyewe alipoambiwa ni nzima alikaa chini, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba, akauliza mara mbili kama hawajachanganya damu yake na ya mtu mwingine. Na siku hizi hachomwi wala hachomi sindano. Anazalisha, anabeba, anafanya kila kitu, lakini ikifika sindano anamwita mtu.

Siku ya kwanza ya mashine Nyamizi alikwenda peke yake. Na ya pili. Ni kitu cha kuchosha, kulala pale ukitazama damu yako inavyotoka na kurudi, na wale manesi vijana walimwita bibi, wakamfunika vizuri. Wiki ikaisha, ikaja nyingine.

Siku moja kabla ya zamu yake ya mashine, Mayige akapiga tena simu. Alisema yule rafiki yako wa Lamadi alikuja hapa Jumapili, peke yake. Nikampa funguo. Amefagia nyumba yote, amepiga deki, amefungua madirisha. Halafu akakaa barazani, hakutaka chai, hakutaka maneno, akatazama majaruba mpaka jua likashuka. Mpunga umestawi, mayu, Mayige alisema, mwaka huu kijani mpaka kule mwisho, na nakwambia ukweli, sasa nimeona, umekataa korido umefanya vizuri. Nyamizi akamshukuru, akakata simu, akakaa kitandani.

Kesho yake, sindano zikiwa zimekwisha kuingia na mashine inazunguka, mlango ukafunguliwa na Domitila akaingia. Alikuwa amekonda. Alisimama mbali kidogo na kitanda, akiangalia sakafu mahali mpira wenye damu usipoonekana. Nesi wa zamu akamuuliza ni nani kwa mgonjwa. Akasema, "Ni dada yangu."

Akaketi. Hawakusalimiana, wakati wa salamu ulikuwa umepita. 

"Nilikwenda Ipililo," Domitila akasema.

"Ee."

"Nyumba yenyewe mbaya."

Nyamizi akamgeukia. Domitila alikuwa amekaza uso, macho bado chini.

"Mbaya kabisa, dada. Bati linavuja. Vumbi mpaka kwenye meno. Majirani walevi, wanatukanana tangu asubuhi. Na lile baraza hata halina kivuli, mtu ukikaa dakika tano kichwa kinauma. Mpunga umekauka wote. Hakuna cha kutazama pale. Mayige alikuibia. Mimi nakwambia, bora hukuhamia."

Nyamizi angeweza kumwambia kwamba Mayige alishapiga simu. Hakumwambia. Aliunyoosha mkono ule usiofungwa mipira, akaushika wa Domitila, na Domitila alijaribu kuuchomoa, kisha akauacha.

"Kweli," Nyamizi alisema, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. "Bora sikuhamia. Hata lile dirisha la chumba chako nilikuwa silipendi."

"Dogo mno," Domitila alisema.

"Dogo. Na joto."

Wakakaa hivyo wameshikana mikono, wakiisema vibaya nyumba ile chumba kwa chumba, mpaka mashine ilipomaliza kazi yake.